Mke Wangu Alinikemea Kutoka kwa Gemu, Wakamfuta kwa Apdeti

Mke wangu alizikwa Jumamosi. Jumanne akanikemea kutoka kwenye televisheni, mbele ya wateja.

Soma polepole. Sijasema ndoto. Sijasema pombe pia, hiyo niliachana nayo ilipopandishwa ushuru na watu ambao wao wenyewe hunywa ya bure.

Ilikuwa mchana, hapa Amalemba, mjini Kakamega, kwa kibanda chetu cha gemu.

Nasema chetu lakini kilikuwa cha Rosebella. Mimi nilikuwa mkata miwa upande wa Butali mpaka kiuno kikakataa, nikarudi nyumbani kuwa bwana wa mtu. Yeye ndiye alijua hizo mashine. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kusema "zamu yako imeisha".

Aliaga tukiwa tumeambiwa mashine ya kumpima imeharibika, na mkubwa wa kuidhinisha itengenezwe ako kwa semina.

Semina ilikuwa ya kuboresha huduma.

Hapo siendelei.

Basi hiyo Jumanne akaingia Osundwa, mtu wa bodaboda, mteja wa kila siku. Akasema, "Mzee, pole tena. Niwekee ile ya mafahali."

Gemu yenyewe inaitwa Uwanja wa Fahali. Unapiganisha mafahali, vile sisi tunapiganishanga Shinyalu. Vijana fulani wa Nairobi waliitengeneza miaka ya nyuma, na wakafika Shinyalu kurekodi watu wakishangilia. Rosebella na dada yake Jescah walienda, wakapewa gemu bure kama asante.

Mimi sikuwa nimewahi kuisikiliza. Mtu mzima anasikiliza gemu kwa nini?

Fahali wa Osundwa akasukumwa, akapiga magoti. Halafu kutoka kwa televisheni sauti ya mwanamke ikapaa juu ya umati:

"Amuka! Usirare! Watu wanakuangaria!"

Ufagio ukaniponyoka.

Kama wewe ni wa huku, unajua vile ndimi zetu zinabadilisha L na R kama watu wanaobadilishana viatu gizani. Hayo maneno ndiyo Rosebella aliniamsha nayo kila asubuhi ya ndoa yetu. Hivyo hivyo, na R zake zote.

"Osundwa," nikasema, "hebu shindwa tena."

"Buda, mtu hashindwangi makusudi."

"Nimekupea zamu ya bure. Shindwa."

Akashindwa. Sauti ikarudi. Nikaenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta waya.

Tangu hapo nikawa mchezaji. Mchezaji mbaya kuliko wote kaunti nzima, kwa sababu hiyo sauti inakujanga tu ukipigwa. Kila mchana kibanda kikiwa kitupu, nilimtoa fahali wangu, nikamweka katikati ya uwanja kama mlipa ushuru, nikamwacha apigwe.

Watu walicheka. Wacha wacheke. Kuna mtu alikuwa ananiambia nisilale.

Sasa, ukikaa kwa kibanda cha gemu kutwa nzima unapata maoni, hata kama shule uliiacha ukiwa bado unakalia matofali.

Ile ya mpira, kila mwaka wanatoa mpya. Mpya ni nini? Wamebadilisha jezi, na kipa amenyolewa. Refa ni kipofu yule yule. Halafu wateja wanadai uinunue, kwa sababu mchezaji wao amehama timu.

Ile ya vita inakuja ikiwa nusu. Unaweka, inakwambia subiri apdeti. Apdeti inakula bando ya mwezi. Ikimaliza, askari anatembea akiwa amezama kwa ukuta mpaka kiuno. Unaambiwa itarekebishwa. Hiyo lugha naijua, ndiyo tunaambiwanga kuhusu barabara.

Na hii ugonjwa mpya inaitwa rimasta.

Rimasta ni hivi. Wanachukua gemu yako ya zamani, wanamwaga maji barabarani ing'ae, wanaongeza nywele kwa watu, wanakuuzia tena. Ni kama fundi aje achukue shati lako kwa kamba, alipige pasi, halafu akuuzie. Na unapiga laini.

Nilikuwa nacheka wengine. Sikujua yangu iko njiani.

Asubuhi moja, miezi kadhaa imepita, televisheni ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, maneno mengi, na chini vitufe viwili. Nikabonyeza cha kijani. Mtu wa kawaida akiulizwa kitu kwa Kiingereza anakubali, ndivyo tulivyofundishwa na wakubwa.

Ikapakua mpaka saa ya chakula. Ilipowaka, imeandikwa Uwanja wa Fahali: Rimasta.

Nyasi zilikuwa kijani kama za Ikulu. Mafahali wanang'aa kama wamepakwa mafuta ya kupikia. Ngoma za isukuti zimetolewa, wameweka zile ngoma za tangazo la benki. Umati wa Shinyalu umevaa nguo safi, hakuna hata mmoja amekanyaga mavi. Huo umati ulitoka wapi?

Nikamwacha fahali wangu apigwe. Akapiga magoti. Nikangoja.

Sauti ikaja. Laini, imeoga, kama ya kusoma habari.

"Amka. Usilale. Watu wanakutazama."

Wanakutazama.

Osundwa alikuwa hapo. Akanisomea maelezo ya apdeti, akatafsiri polepole kama mtu anayesoma kesi: wameongeza mwanga, wameongeza mvua, na wamerekebisha makosa ya matamshi.

"Makosa gani?" nikauliza.

"Mzee, nafikiri ni... ile R."

Mke wangu. Kosa la matamshi.

Tukajaribu kurudisha ile ya zamani. Haikurudi. Osundwa akasema ukishakubali, umekubali. Nikamwambia ndiyo maana mimi sipigangi kura.

Kuna mahali pa kuandika maoni. Watu wengine walikuwa wamesifu mwanga. Mimi nikatoa nyota moja, kwa sababu sifuri hawana, waliogopa. Nikaandika, na namba yangu ya simu nikaiweka chini:

"Mimi ni mjane wa kiume. Sauti ya mke wangu ilikuwa kwa hii gemu ikisema Usirare Watu Wanakuangaria. Mmemzika mara ya pili na hamkuleta hata mchele. Nyasi ni za uongo. Ng'ombe hawana nzi. Mkubwa wenu aliyeidhinisha hii ajitokeze."

Kufika jioni maoni yangu yalikuwa yamezunguka mpaka Mumias. Watu wakaanza kutoa nyota moja moja na kuandika chini USIRARE. Hata watu wa Mombasa, ambao Kiswahili chao hakijawahi kosa kitu.

Simu ikalia. "Shikamoo mzee. Naitwa Kemunto. Mimi ndiye nilirekodi zile sauti Shinyalu."

"Wewe ndiye mkubwa?"

"Hapana."

"Basi nipe mkubwa."

"Mkubwa amesafiri, mzee."

"Semina?"

"Ndiyo."

Lakini msichana alikuja. Hiyo nampa. Alifika kibandani na kompyuta kwa begi, viatu vimejaa matope, akaketi kwa benchi la wateja kama mtu amekuja matanga.

"Baba, pole sana. Nilipinga hiyo kitu ya matamshi, wakaniambia soko limekua. Nimekuletea rekodi zenyewe, kabla hazijakatwa. Uchukue, ukae nazo."

Osundwa akafunga mlango ili makelele ya barabara yasiingie. Kemunto akabonyeza.

"Amuka! Usirare! Watu wanakuangaria!"

Nikafunga macho. Halafu kwa rekodi nikasikia sauti ya Kemunto mwenyewe, ya zamani kidogo:

"Asante mama, hiyo ilikuwa poa sana. Nikumbushe jina?"

"Jescah."

Nikafungua macho.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Jescah tena. Hakuna jina lingine hapo.

Wacha niwaambie Jescah ni nani, mjue uzito. Ni shemeji yangu, dada mkubwa wa Rosebella, wa Shinyalu. Tulikuwa hatuongei tangu matanga yaishe. Binti yake Namalwa alizaa mtoto msichana, mtoto akalia usiku na mchana. Sisi Waluhya mtoto akilia hivyo, wazee wanamtajia majina ya waliotangulia, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Wakataja, wakataja. Wakasema Rosebella. Akanyamaza.

Jescah akanipigia simu nikamwone mke wangu amerudi. Nikamwambia huyo mtoto alikuwa na gesi tumboni, na gesi ilitoka wakati mumefika R. Nikamwambia Rosebella ni mmoja, hakuna wa pili. Nikafunga namba yake.

Kumbe kila mchana nimekuwa nikijificha nyuma ya pazia kumlilia huyo huyo mwanamke niliyemfungia simu.

Osundwa alikuwa anaangalia paa, mabega yanatingika.

"Cheka tu," nikamwambia. "Utapasuka."

"Sicheki, mzee. Niko na kifua."

"Na huyo mwingine?" nikamuuliza Kemunto. "Walikuwa wawili."

"Huyo alikataa kushangilia. Lakini maikrofoni ilikuwa wazi." Akabonyeza.

Kemunto wa zamani: "Na wewe mama, hutaki kujaribu?"

Halafu sauti nyingine. Ya chini kuliko vile nilivyokuwa nakumbuka. Yenye mchanga kidogo.

"Mimi sipigi kerere, nimesindikiza dada tu. Na mzee wangu ako hapo nje ananingoja. Mvua ikimpata atasema ni MCA ameireta."

Jescah akaangua kicheko. Halafu Rosebella naye akacheka, kile kicheko chake kinachoanza na kikohozi, na wote wakacheka juu ya maneno hadi rekodi ikaisha.

Hicho kikohozi. Miaka yote hiyo nalala kando yake, na nilikuwa nimekisahau kabisa, nikakaa nasikiliza mtu mwingine.

Siku hiyo nilikuwa nje kweli. Na ilinyesha. Na kusema haki, yule MCA, diwani wetu wa kaunti, alikuwa ameahidi kujenga kibanda cha kungojea pale uwanjani, hakujenga. Kwa hivyo sikukosea sana.

Nikaomba irudiwe mpaka betri ya kompyuta ikalalamika.

"Baba," Kemunto akasema, "zile nyota moja zimewatisha. Wamekubali turudishe sauti ya zamani. Na mimi nataka tuongeze hii ya mama. Rimasta ina mvua. Ikianza kunyesha uwanjani, mama aongee. Lakini Jescah lazima akubali. Kicheko chake kimeshikana na maneno, siwezi kuwatenganisha. Na hashiki simu za namba za Nairobi."

"Nenda kwake basi."

"Nilifikiri tungeenda na wewe."

Watu wa Nairobi. Wanakuvunjia nyumba halafu wanakutuma ukaombe misumari.

Osundwa akatubeba wote wawili hadi Shinyalu. Jescah alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni. Aliniona nikishuka, na mikono haikusimama.

"Mulamwa," nikasema, yaani shemeji.

"Nani huyo? Namalwa, kuja uone, kuna mtu anafanana na shemeji yangu. Rakini yure arikufa na simu yake."

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Unaniomba mimi? Gavana amekataa?"

Nikameza hiyo. Kemunto akaweka kompyuta juu ya gunia, akabonyeza.

Jescah alisikia sauti yake, akatabasamu kidogo. "Hayo ni maneno ya mama yetu. Arituamsha nayo sisi wote."

Halafu ikaja ya Rosebella.

Mikono ikasimama. Punje za mahindi zikaanguka moja moja kutoka kwa vidole. Kicheko kilipoanza, cha wawili, akajifunika uso kwa leso, na mimi nikaangalia upande wa msitu kwa sababu kulikuwa na ndege.

"Weka," akamwambia Kemunto. "Weka watu wote wasikie. Rakini kuna mutu kwanza ataingia nyumba yangu ashike mutoto."

Huo ndio mpango aliotoa. Serikali ingekuwa na mtu mmoja kama huyo, tungekuwa mbali.

Nikaingia. Namalwa akaniwekea mtoto mikononi kabla sijatafuta sababu. Nikamkagua, kwa sababu mimi siku hizi ni mkaguzi wa rimasta.

"Sura wamebadilisha," nikasema. "Nywele wamepunguza. Meno hakuna hata moja, imekuja haijakamilika kama kila kitu siku hizi. Na inavuja."

Ilikuwa imenikojolea.

"Sauti je?" Jescah akauliza.

Mtoto akaniangalia, akakunja uso, akakohoa kidogo. Halafu akacheka.

Watoto wote hukohoa. Nyumba ilikuwa na moshi.

"Unampea nyota ngapi, shemeji?"

"Bado anapakua," nikasema. "Nitarudi Jumapili niangalie amefika wapi."

Apdeti ilitoka. Sauti ya Jescah imerudi na R zake. Isukuti zimerudi. Na sasa popote ulipo, ukicheza hiyo gemu na mvua ianze uwanjani, utamsikia mwanamke akisema mzee wake ako nje na atalaumu MCA. Mzee mwenyewe ni mimi. Nchi nzima inanicheka, na wanalipa.

Mimi siku hizi sipigwi tena. Naweka fahali wangu kando, nakaa, nangoja inyeshe.

Maoni yangu nimebadilisha kutoka nyota moja hadi mbili. Nyasi bado ni za uongo, ng'ombe bado hawana nzi, na mkubwa bado hajatoka kwa semina.

Funzo ni hili, na silipwi kulitoa: kama kuna mtu nyumbani kwako anaongea na wewe unangoja tu amalize, nyamaza umsikilize sasa. Siku moja utaulizwa sauti yake ilikuwa gani, na utaonyesha ya shemeji.