Ndege wa Mia Mbili na Kumi na Tatu

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Darubini aliwazungusha wageni kandokando ya ziwa, na miaka yote hiyo ndege mmoja alimkosesha raha. Si kwamba hakuwajua ndege. Darubini ilimning'inia shingoni hata akiwa sokoni, ndiyo maana akapewa jina hilo, na aliweza kumtofautisha mwari na mnandi wakiwa bado vitone angani. Tatizo lilikuwa bundi mvuvi, wa mia mbili na kumi na tatu kwenye ubao wa orodha ya ndege, langoni mwa hifadhi. Aliyetia sahihi kwamba bundi huyo ameonekana ni yeye, na hakuwahi kumwona.

Ilikuwa huruma tu. Mwalimu mmoja mstaafu, magoti yamechoka, alikuja mara ya tatu kumtafuta bundi huyo anayekamata samaki. Wakapita kwenye matete, wakapita kwenye tope la ufukweni, wakaingia kimsitu chenye kijito, wapi! Jua lilikuwa linazama. Tawi likatikisika, na Mama Darubini, mdomo ukitangulia akili, akasema, "Yule pale, mwalimu!" Mzee wa watu akatazama, akatoa leso akafuta macho, kisha akaandika kwenye kitabu cha hifadhi. Mama Darubini akatia sahihi kama shahidi. Mwalimu alifariki mwaka uliofuata, furaha yake bado anayo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi; hii yake iligoma kuisha. Wageni walikuja kwa ajili ya bundi, naye akawapeleka kwenye mti uleule na kusema, "Jana tu alikuwa hapa." Mumewe, fundi viatu, ndiye pekee aliyejua. "Huyo bundi wako mtoze kodi," alimtania. "Amekaa bure muda mrefu mno."

Juzi ikaja habari kwamba watafiti watakuja kuhakiki orodha nzima. Kila shahidi ataulizwa alichokiona. Mama Darubini akajiona akivuliwa kitambulisho cha kazi mbele za watu, na kwa siku mbili hakugusa chakula.

"Mficha uchi hazai," mumewe alimwambia asubuhi, akigonga kisigino cha kiatu. "Nenda kwa mkuu wako, mama. Kamwambie."

Mkuu wa hifadhi alikuwa ofisini, anamenya chungwa juu ya ramani ya ziwa. Mama Darubini hakukaa.

"Mkuu, yule bundi mvuvi. Nilidanganya. Sijawahi kumwona hata siku moja."

Mkuu akaacha kumenya. Akamtazama, akainuka, akafunga mlango. Mama Darubini akajua kazi imekwisha.

"Namba themanini na sita," mkuu akasema kwa sauti ya chini. "Yule bata mwenye mgongo mweupe. Ni wangu."

"Wako vipi?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa, nataka nionekane najua. Nadhani alikuwa bata wa kawaida tu, jua limempiga mgongoni. Miaka kumi na tisa sasa. Wakiniuliza, nasema msimu wake bado."

Mama Darubini akaangua kicheko, akajikuta amekaa bila kukaribishwa. Mkuu naye akacheka mpaka chungwa likabingirika sakafuni. Walipotulia wakawaandikia watafiti barua, wakatia sahihi wote wawili, kisha wakabeba kopo la rangi hadi langoni na kuwafuta ndege wao mchana kweupe. Njiani kurudi nyumbani Mama Darubini alinunua mkate, akaumaliza nusu kabla hajafika mlangoni. Alikuwa na njaa ya siku mbili.

Jumamosi nesi mmoja aliyekuwa likizo akamwuliza, "Eti dada, kuna bundi mvuvi hapa?"

"Sijui," akajibu, na neno lilitoka jepesi ajabu. "Mimi sijamwona."

"Basi twende tukamtafute."

Wakaingia kimsituni. Mama Darubini akainua darubini na kuanza kukagua matawi, moja baada ya jingine. Miaka yote tangu siku ile ya mwalimu aliwaleta watu hapa, na hiyo ndiyo siku ya kwanza alipotafuta kweli.