Boda ya Kwenu: Kutoka Busia Kwenda Kampala Kucheza Gemu

Nilifunga duka langu la vitambaa hapa Busia nikaenda Kampala kucheza gemu. Naomba usicheke, maana mama yangu alishacheka kwa niaba ya ukoo mzima. "Mtu mzima," alisema, "anaacha wateja wa Ijumaa anaenda kuchezea simu ng'ambo." Nikamweleza kwamba si simu tu, ni tamasha la gemu la jiji, lina ukumbi na majaji, na sisi tumefuzu. "Sisi na nani?" akauliza. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mwenzangu ni Mzee Emojong' wa Malaba, na mpaka siku hiyo tulikuwa hatujaonana kwa macho. Tulijuana ndani ya mchezo wa malori. Wachezaji ni wawili wawili: mmoja anashika usukani, mwingine anashika ramani na kumwelekeza mwenzake kwa sauti. Dereva ni mimi, mimi ambaye hata baiskeli inanitisha. Mzee aliendesha malori ya kweli, Mombasa mpaka Kigali, miaka na miaka, hadi kiharusi kilipomwachia mkono wa kushoto usioshika kitu na mguu wa kuburuta. Usukani hauwezi tena, kwa hiyo ananisomea barabara.

Tatizo langu ni kwamba nikiwa mbioni sijui kushoto wala kulia. Tulianguka mabondeni mpaka mzee akachoka. Siku moja akaniambia, "Zaituni, kaa hapo dukani kwako utazame Malaba. Uganda iko mkono gani?" Nikamwambia huu hapa, wa kushoto. "Na Kenya?" Huu mwingine. "Basi sahau kushoto na kulia." Tangu hapo ananiambia tu, "Uganda kidogo. Kenya. Kenya kabisa." Nami nakata kona bila kufikiri. Ndivyo tulivyofuzu.

Lakini kwa mzee safari hii ilikuwa kubwa kuliko gemu. Anaishi peke yake, na binti yake Amoit alishaamua kumhamishia kwake Eldoret, kwa nia njema kabisa. Mzee hataki. Ana nyumba yake, ana mbuzi wake, na jioni anapenda kukaa nje asikie malori yakipiga breki. Wakabishana mpaka Amoit akasema, "Haya. Nenda Kampala urudi bila mtu kukushika mkono, nitakuacha nyumbani kwako. Ukishindwa, tunaenda Eldoret." Akaahidi kumngoja Malaba Jumapili jioni, akiwa na gari. Mzee alinipa namba ya binti yake, ya dharura tu. "Ukiipiga," akasema, "ujue umenihamisha."

Mipango tuliifanya kwa simu, na nusu ya raha ya safari ilikuwa humo. Hoteli za karibu na ukumbi zilikuwa za watu wengine, si sisi. Nikatafuta hadi nikapata chumba cha bei ya chini kabisa, nje ya mji, nikaanza kujisifu. Mzee akauliza, "Na asubuhi tutafika ukumbini na nini?" Nikasema pikipiki. Ndipo nikakumbuka kwamba mtu wa mkono mmoja hapandi pikipiki ya Kampala. Na hata mimi, nauli ya kwenda na kurudi ingemeza akiba yote ya kitanda.

Tukaanza upya, safari hii kutoka mlangoni mwa ukumbi tukirudi nyuma: kwanza gari gani linapita pale, kisha linaanzia wapi, halafu kitanda kilicho karibu na hapo. Kwa njia hiyo tuliangukia Kibuli, ambako mama ana binamu yake, Hajati Mariamu. Mzee akapata kitanda katika nyumba ya wageni ya kanisa upande wa Nsambya, kilima cha jirani. Basi la moja kwa moja tuliliacha. Ukivuka mpaka kwa miguu na kupanda gari la ng'ambo, nauli inapungua. Kila kitu kikakaa sawa. Alhamisi nikamwandikia mzee, "Tukutane boda kesho saa moja asubuhi." Boda ndivyo tunavyouita mpaka. Akajibu, "Sawa, dereva."

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye gari, jua bado linajikuna macho. Tukapita Alupe, tukapita Adungosi, nami moyo unanidunda kama msichana anayepelekwa harusini. Malaba foleni ya malori ilikuwa ndefu vile vile kama siku zote, madereva wakichemsha chai kando ya magurudumu, na mwamba wa Tororo umesimama kule mbele. Nilikuwa nayajua malori yale moja moja kwa aina yake, kutoka kwenye gemu. Nikampigia mzee.

"Nimefika, mzee. Uko wapi?"

"Niko boda, hapa kwa hawa wa kubadilisha pesa."

"Na mimi niko hapo hapo. Inua fimbo."

"Nimeinua."

Nikatazama huku na huku. Hakuna fimbo. Nikainua mkono mimi, akaja kijana mmoja na bunda la shilingi za Uganda akidhani nimemwita.

"Umevaa nini?" mzee akauliza.

"Hijabu ya kijani."

"Hapa kuna hijabu za kila rangi, mama. Zaituni, hebu niambie, uko boda gani?"

"Ya kwenu. Malaba."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Mimi niko ya kwenu. Busia."

Unaona adabu ilivyotuponza. Mimi niliona haifai mzee wa fimbo anifuate. Yeye aliona haifai mama wa watu atumwe Malaba peke yake. Kila mmoja akaamka mapema amfuate mwenzake, na kwa hesabu yangu tulipishana mahali fulani kule Adungosi. Nikamwambia asiondoke, narudi sasa hivi.

"Usirudi," akasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Ukinifuata hapa, Amoit atasema nilivushwa kwa kushikwa mkono. Wewe vuka hapo. Mimi nitavuka hapa. Barabara ya Malaba na ya Busia zinakutana mbele, kabla ya Bugiri. Ningoje njia panda." Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake ya kwenye gemu, "Endesha taratibu."

Nikavuka kwa kitambulisho, nikapata gari upande wa pili, na mpaka tunaipita Tororo nilikuwa nikitabasamu peke yangu. Tabasamu likaisha nilipojaribu kumpigia. Laini zetu za Kenya zilikuwa zinashika mara moja moja, na yake haikushika kabisa.

Njia panda sikumkuta. Likaja gari kutoka Busia, wakashuka watu na kuku. Likaja jingine, na jingine tena. Mwanamke aliyekuwa akichoma gonja, zile ndizi zao tamu, akanisogezea kiti, akaniita bibi kwa Kiganda. "Nyabo, unamngoja nani?"

"Mzee mmoja. Anatembea na fimbo."

"Ni baba yako?"

"Hapana. Ni ramani yangu." Akanitazama, akaona anipe gonja kwanza.

Nakiri niliogopa. Akilini nilimwona mzee ameanguka mahali, watu wamemzunguka, hakuna anayemjua. Usajili wa ukumbini ungefungwa jioni ile, na jozi isiyo kamili huondolewa, lakini hilo halikuwa tena la kwanza kichwani. Simu yangu ikashika mtandao kidogo. Nikaifungua namba ya Amoit, nikaitazama. Nikiipiga, angekuja mbio, na mzee angelala Eldoret. Nisipoipiga, na kumbe kuna jambo, ningemwambia nini? Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Lori la makontena likapiga breki mbele yangu, likatoa ile pumzi ndefu. Mlango wa abiria ukafunguka juu kule, ikatangulia fimbo, kisha mguu mmoja ukitafuta ngazi kinyumenyume. Dereva akashuka upande wake akakimbia kuja kumshika. "Wacha," sauti ikasema. Sauti ile ningeijua hata usingizini. Alishuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine, mpaka chini. Shati lilikuwa limelowa jasho na uso mzima unacheka.

"Yoga, dereva," akanisalimia kwa Kiteso.

"Yoga noi, mzee. Umenitoa roho."

Kumbe pale Busia alikutana na dereva aliyewahi kuwa utingo wake, akampa lifti mpaka njia panda. Nauli bure, isipokuwa karatasi za mzigo zilichelewa. "Sijakaa juu vile tangu nilipougua," akaniambia, na macho yakamlowa, wala hakuyafuta. Mimi nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nikamnunulia gonja.

Tulifika Kampala alasiri, tukawahi usajili, tukafungwa vikuku vya karatasi mkononi kama watoto wachanga wa hospitali. Jioni nikamfikisha mzee Nsambya, nami nikashuka Kibuli, ambako Hajati Mariamu alikuwa ameshapika matoke.

"Mama yako amenipigia," akasema. "Eti umekuja kuendesha malori."

"Ya kwenye kioo, Hajati."

"Yanalipa?"

"Bado."

"Kale, haya, kula kwanza. Hata madereva wa kweli huanza na matumbo." Akanipa kitanda cha dirishani. Hapo hapo nikajua hakuna hoteli ningeibadilisha na nyumba ile.

Jumamosi ukumbi ulikuwa umefurika, taa za kila rangi, vijana wamevaa mavazi ya mashujaa wa gemu, na katikati yao sisi wawili, hijabu na fimbo. Kitu kilichonitisha ni viti. Kumbe pale huchezi kwa simu. Kuna kiti kama cha gari, usukani wa kweli, pedali za kweli. Nikaugusa usukani, nikauachia. Mzee akaketi karibu yangu na kipaza sauti, akaninong'oneza, "Tazama Malaba." Nikafumba macho nikawa dukani kwangu. Nikatulia.

Tukawashinda wa kwanza. Tukawashinda wa pili. "Uganda, Uganda kidogo, Kenya, nyoosha." Watu wakaanza kusogea kutusikiliza. Mtangazaji akauliza kwa nini Wakenya wawili wanaisifu Uganda kila kona, mzee akajibu, "Tunaipenda lakini hatukai," ukumbi ukaangua kicheko. Nusu fainali tukapita kwa upana wa kioo cha pembeni. Mimi nilikuwa nimelewa furaha, sijui niseme nini zaidi.

Fainali tulikutana na jozi ya wanafunzi wa hapo Kampala. Njia ya mlima, mvua, na mwisho daraja jembamba juu ya mto. Tulikuwa mbele. Naapa tulikuwa mbele. Tukaingia darajani, mzee akasema, "Nyoosha, nyoosha hivyo hivyo." Na ukumbi mzima, kwa kuwatia moyo vijana wao, ukainuka kwa sauti moja: "Uganda! Uganda! Uganda!"

Mikono yangu ikatii. Niliuvunja ukingo wa daraja upande wa kushoto, nikaingia mtoni na tani zote za mzigo.

Nilibaki nimeushika ule usukani, machozi yananilenga, sithubutu kumtazama mzee. Kisha nikasikia mlio kama wa mtu anayekabwa. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Umefuata mashabiki," akasema alipoweza kusema.

"Walisema Uganda, mzee."

"Walisema kweli. Nani angekataa?" Nami nikacheka, nikashindwa kuacha. Tukapewa fulana za washindi wa pili, na vijana waliotushinda wakaomba kupigwa picha nasi.

Jumapili tulirudi pamoja hadi ile njia panda. Nilitaka sana kumfikisha Malaba, nikaanza hata kutoa sababu: eti nataka kuona bei za vitambaa kule. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. "Dereva," akasema, "hapa wewe ni Kenya, mimi ni Uganda." Barabara yake ya Malaba ilikata kushoto, yangu ya Busia kulia. Akapanda gari lake, kwanza fimbo, kisha mguu ule mzima. Mimi nikapanda langu la Busia. Sikugeuka nyuma, maana ningeshuka.

Njiani nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Mtu akiniuliza sasa kuhusu safari za namna hii, nitamwambia apange kuanzia mlangoni anakokwenda, si kitandani, na asidharau binamu wa mama yake. Nitamwambia pia kuuliza si ujinga. Neno moja dogo, boda, nusura litupotezee safari, kwa sababu kila mmoja wetu aliona aibu kuuliza ipi.

Nilifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Mama akataka habari, nikamwambia angoje. Nikaweka simu mezani nikaikodolea macho. Chai ikapoa. Mama naye akaketi, bila kucheka safari hii, tukaikodolea wote wawili.

Ikaita.

"Dereva. Nimefika boda."

Nilikuwa nimeshajifunza. "Boda ipi, mzee?"

"Ya kwetu," akasema. Nyuma yake breki za malori zilikuwa zikilia, na sauti ya mwanamke ikauliza kwa karibu, "Papa, ufunguo wa nyumba yako uko mfuko gani?"