Vunjajungu wa Uani Kwetu

Harufu ya udongo mkavu ulionyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa hunirudisha Kamembe, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa, na hunirudisha nikiwa nimeshakasirika. Uani kwetu waliishi vunjajungu wadogo wa rangi ya udongo, wasiopanda majani kama wenzao bali wakikimbia chini, huku na huku, kama watu waliosahau walichotumwa. Mama aliamini kwamba mtu akimgusa mmoja, chungu chochote atakachokishika siku hiyo kitavunjika. Dada yangu Zaina, aliyenizidi miaka mitatu, akaigeuza imani hiyo likizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kila asubuhi hadi akampata mmoja.

"Maman, nimekagusa tena!"

"Acha byombo. Mudogo yako atabisafisha."

Mdogo huyo ni mimi. Nilisugua masufuria kwa majivu, nikampelekea baba maharage kwenye cherehani yake barabarani, huku Zaina akiruka kamba. Nililalamika mpaka sauti ikanikauka, wala hakuna aliyejali.

Asubuhi moja uvumilivu ukaniisha. Nikamnyakua vunjajungu mbele ya mama, kwa mikono yote miwili. Zaina naye alikuwa ameshamgusa wake, kwa hiyo sasa hakukuwa na binti wa kubeba chungu cha maharage. Na chungu chenyewe kilikuwa cha marehemu bibi, alichovuka nacho mpaka kichwani kutoka Bukavu, kitu pekee cha mama yake ambacho mama alibaki nacho. Mama, mwenye goti bovu, akashusha pumzi, akakiinua mwenyewe. Penye ngazi goti likakataa. Maharage yakatapakaa uani, chungu vipande vipande. Nilitamani anichape. Badala yake aliokota kipande kimoja, akakifuta kwa kitenge chake.

"Ni kosa yangu. Asubuhi nilikaondoa kamoja mu nguo yako, nikasahau."

Leo ua wangu ni saruji tupu, na vyombo vyangu ni vya plastiki, havivunjiki hata ukivirusha. Zaina huja kila Jumapili, hula, hukaa. Hahangaiki tena hata kutafuta mdudu. Wiki iliyopita nilimwuliza kama anamkumbuka yule vunjajungu wa kwenye nguo yangu, maana miaka yote hii nimemlaani mdudu huyo ili nisijilaani mwenyewe.

"Hakukuwaka kadudu," akasema. "Maman alitusikiliaka tu huruma."

Kisha akanisogezea sahani yake tupu, niioshe.