Rimu ya Lori Inarudi Taratibu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwarudisha watoto wa shule nzima nyumbani saa tatu asubuhi.

Ilikuwa shule ya msingi huko Isansa, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza tena kuwa na sabuni. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Nzunda, aliniuliza, "Mama Tabu, saa unaijua?" Nikasema naijua. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na namba zote nazijua. Akanipa saa ya mezani na nondo fupi ya kupigia kengele, akasema, "Kengele ya kwenda nyumbani ni saa tisa." Nikakaa naitazama ile saa kama sufuria ya maziwa. Mshale mfupi ulipofika kwenye tisa nikapiga. Watoto walitoka kama nyuki waliotiwa moshi.

Mwalimu Nzunda akaja, chaki mkononi. "Mama Tabu, umepiga nini?"

"Ya nyumbani, mwalimu. Si saa tisa hii?"

"Hiyo ni saa tatu!"

"Lakini pameandikwa tisa."

Akaitazama saa, akanitazama mimi. "Ni kweli pameandikwa tisa," akasema, "lakini ni saa tatu." Akaenda zake. Mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini saa inaandika hivi na watu wanasema vile. Nilijifunza tu kuangalia namba ya upande wa pili, na kazi ikaendelea.

Ninyi wa siku hizi mnadhani kengele ni kitufe. Yetu ilikuwa rimu ya gari, imening'inizwa kwa waya. Kengele ya mstari, yaani ya kuwapanga watoto asubuhi, ni mapigo mengi mfululizo. Ya kubadili kipindi ni mawili. Ya hatari haina hesabu, unapiga mpaka watu watoke. Sasa shida iko hapa: rimu ukiipiga inakwenda, halafu inarudi. Ukiifuata wakati inakwenda, inatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Inabidi uikute inarudi, inakujia usoni. Hapo ndipo inasema ngaa! na mtu aliye shambani anasikia.

Toka Isansa nilihamishiwa Ivuna, kule kwa wapika chumvi. Chumvi ya kule inakula kila kitu, ikala na waya wangu. Rimu ilianguka pembeni ya mwalimu wa zamu, Mwalimu Sinkala, akiwa amewapigisha magoti wachelewaji. Aliruka kuliko mbuzi. Wachelewaji walicheka, wakaongezewa adhabu, na mimi nikaandikiwa barua. Barua ilisema nilizembea. Sikuelewa nimezembea nini, maana chumvi sikuileta mimi.

Mwisho nikaletwa Tunduma, sekondari, chini ya Mkuu wa Shule Madam Kibona. Pale rimu ilikuwa ya lori, lile la trela, imening'inia kwenye mnyororo mrefu toka tawi la juu la mkaratusi. Asubuhi ya kwanza nikapiga pigo la kwanza vizuri. La pili nikapiga kama nilivyozoea, na rimu haikuwepo. Bado ilikuwa safarini huko. Nondo ikapita hewani na mimi nikaifuata, nusura nianguke. Wanafunzi wakashangilia, "Mama Kengele anaua inzi!"

Wiki nzima niliua inzi. Nikafikiri, hii ni ya taratibu, basi na mimi nipige taratibu. Ikawa mbaya zaidi, ikalia kama inaumwa. Siku moja nikachoka, nikaiacha nondo imeinuliwa begani, nikaitazama tu rimu. Ikaenda. Ikasimama kule kidogo, kama mtu aliyesahau kitu. Ikaanza kurudi. Ilipokaribia nikaipiga kwa nguvu zangu zote za Isansa. Ngaa! Mkono haukupunguza mwendo hata kidogo. Ulichelewa kuanza tu.

Na saa za Tunduma nazo zilinichanganya kivyao. Nilinunua simu, nikaona sasa nimepona mambo ya mishale. Kumbe simu ukiiweka dirishani inashika mnara wa Zambia, na Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Nikapiga kengele ya chakula wakati watoto walishakata tamaa. Madam Kibona akaniita ofisini. "Mama Tabu, simu yako imevuka mpaka bila kibali." Alicheka yeye. Mimi nilikuwa bado najiuliza simu imevukaje, wakati dirisha halijatoka mahali pake.

Basi, miaka yangu ya mwisho, kabla Songwe haijawa mkoa, akaja Mwalimu wa Michezo, kijana anaitwa Mwalimu Mwashitete, na mchezo mpya unaitwa softiboli. Siku ya kwanza alinituma, "Mama, niletee bati stoo." Nikaenda, nikamletea bati. La kuezekea. Nimelibeba kichwani uwanja mzima. Kumbe bati ni jina la gongo lao. Wakaniambia pia softi maana yake laini. Niliushika ule mpira, mgumu kama kokwa. Nikasema sawa.

Nilivyoelewa mimi, mmoja anarusha, mwingine anapiga, halafu aliyepiga anakimbia kama ameiba, na wenzake wanafurahi. Mpigaji wao hodari alikuwa Eliza Namwinga, wa kidato cha nne, mama yake anauza mitumba huko Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wavulana wakimrushia kwa kasi, Eliza anaupeleka mpira mpaka kwenye maharage ya jirani. Lakini kwenye mchujo, siku ya kuchagua watakaokwenda mashindano Mbeya mjini, mrushaji angekuwa msichana wa Mbozi anaitwa Tusekile. Huyo harushi kwa kasi. Anaurusha juu, unakuja polepole kama anampa mtoto chungwa. Alikuja siku moja kufanya mazoezi na wetu, na Eliza hakuugusa mpira hata mmoja. Alikuwa anapiga kabla haujafika.

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Mpira wa haraka anauweza, wa taratibu unamshinda? Si ndiyo rahisi huo?

Mwalimu Mwashitete akawa anapiga kelele, "Polepole, Eliza! Polepole!" Na yeye mtoto mtiifu, akalipitisha bati polepole kama anafagia. Mpira ukagusa bati ukadondoka miguuni. Mwalimu akasema mbele ya wote, "Ukiendelea hivi nitampeleka Joyce."

Baada ya hapo Eliza alikuja kukaa chini ya kengele yangu, analia na kamasi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbeya kuna nini cha kuliliwa hivyo?"

"Sijui, bibi. Ndiyo maana nalia." Akajifuta na sketi. "Zambia nakwenda kila siku kumbebea mama mzigo. Nchi nyingine nimeijua, Mbeya sijawahi kufika. Nikimaliza shule naingia sokoni, basi, ni ng'ambo na huku, ng'ambo na huku."

Muda wa kubadili kipindi ulikuwa umefika, nikampa nondo. "Haya, nipigie mimi, mgongo unauma." Ni kweli uliuma, sikuwa na akili nyingine. Akapiga la kwanza. La pili akaua inzi.

Nikacheka mpaka nikashika mti. "Inua nondo, iache begani. Subiri. Bado. Bado, mtoto wewe, una haraka ya kwenda wapi? Iache irudi."

"Nipige polepole?"

"Nani kasema polepole? Piga kama kawaida yako. Chelewa kuanza."

Ngaa!

Eliza aliganda. Akageuka akanitazama kama nimemwambia siri ya ukoo. "Rudia, bibi."

"Nirudie nini?"

"Ulichosema."

Nilishasahau nilichosema. Lakini toka siku hiyo kengele za mchana zote alipiga yeye, na baada ya kila pigo alisimama kichwa upande, akiisikilizia irudi. Madam Kibona akauliza kwa nini kengele za vipindi zimekuwa tamu hivi.

Siku ya mchujo nikaenda uwanjani, nikasimama na akina mama wauza karanga. Tusekile akarusha wa kwanza. Eliza hakutikisika. Mpira ukapita, mwamuzi akapaza sauti. Wa pili, vilevile, bati liko begani. Mama mmoja akaniuliza, "Huyu kalala?" Nikaambiwa ukipitwa na wa tatu unatoka. Nikasema, nimemuua mtoto wa watu na rimu yangu.

Wa tatu ukapanda juu, ukasimama kule kidogo, ukaanza kushuka. Bado, nikasema moyoni. Bado. Ngaa! Ulivuka vichwa vyote ukaingia kwenye maharage.

Na Eliza akasimama. Palepale, kichwa upande, bati begani, anausikilizia mpira urudi.

"Kimbia!" Mwalimu Mwashitete akatupa kofia chini. "Eliza! Kimbia wewe!"

Akina mama wa karanga nao wakadakia, "Kimbia weee!" Ndipo akashtuka, akatimua mbio. Alisalimika tu kwa sababu maharage yalikuwa marefu na mpira haukuonekana.

Majina yaliposomwa, lake lilikuwa la mwisho. Nikamuuliza Mwalimu Mwashitete, "Mbona umemchukua, na alisimama?"

"Mama, kukimbia nitamfundisha njiani," akasema. "Huko kungoja umemfundishaje?"

Nikamwambia sijui. Alidhani namficha.

Eliza aliporudi nilimuuliza Mbeya ikoje. Nilitegemea habari za maghorofa. Akawaza sana. "Bibi, kule simu haibadiliki saa. Unaiweka popote, saa ni ileile."

Nilistaafu mwaka uliofuata. Nilipewa kanga na kiti cha plastiki, na shule ikafunga kengele ya umeme. Kazi yangu yote, toka kwa Mwalimu Nzunda mpaka kwa Madam Kibona, sasa inafanywa na kidole. Sina ugomvi nayo. Hata hivyo bado sijaelewa mambo mengi: saa, simu, barua ya Ivuna, wala kama kweli nilimfundisha Eliza au nilikuwa naumwa mgongo tu.

Hiyo kengele ya umeme naisikia toka nyumbani kwangu. Inalia mara moja, inanyamaza. Mimi naacha ungo, nasimama mlangoni, kichwa upande, nangoja irudi. Hairudi. Inabidi nijiambie mwenyewe: kimbia wewe!