Mashahidi Wawili na Lori Jekundu

Nilimfanya baba yangu akate nusu shamba la kabichi kwa ajili ya lori ambalo nililitunga mwenyewe nikiwa chooni.

Chanzo ni redio. Mwaka ule kijiji chetu cha Malindi, kile cha milimani si cha pwani, kilikuwa kinabishania vyama vingi, na kila siku baada ya magharibi baba alisikiliza stesheni mbili za ng'ambo zinazotangaza kwa Kiswahili, kutoka nchi mbili zenye chama kimoja kimoja. Ya kwanza inasema watu wa nchi ya pili wameshiba na wanampenda kiongozi wao. Ya pili inasema hivyo hivyo kuhusu ya kwanza. Halafu zote: vyama vingi ni vurugu. Asubuhi unawakuta wazee kwenye mfereji wanasema maneno yale yale, kila mmoja kana kwamba ameyaota mwenyewe.

"Wamepatana hao, baba," nikasema.

"Wapatane wapi, na bahari yote ile katikati? Mashahidi wawili wanatosha hata kwa kadhi."

Basi na mimi nikapatana na binamu yangu. Asubuhi, kabla ya shule, nilimwambia baba: "Kesho alfajiri linakuja lori jekundu kutoka Dar, linachukua kabichi zote." Binamu angepita shambani saa nne na kusema hayo hayo, neno kwa neno. Jioni tungemfichulia baba, tucheke, naye azielewe redio zake. Kwamba angekata siku hiyo hiyo, sikuwaza.

Niliporudi, kabichi zilikuwa zimepangwa kando ya barabara kama wanafunzi mstarini. Nikatoa shikamoo, kisha nikasema yote.

Baba akaitikia shikamoo tu. Akakaa kando ya mstari ule, akifuta panga lake kwa jani. Kabichi ile ndiyo iliyokuwa ininunulie sare ya shule.

"Lakini si umeona, baba? Wawili wakipatana..."

Akainuka, akaenda kutawadha. Magharibi ikapita, redio ikabaki kimya juu ya kabati.

Mama, aliyeshinda naye shambani, akaniwekea sahani ya kabichi mbele yangu.

"Binamu yako alichelewa," akasema. "Alifika saa sita, baba yako ameshamaliza kukata. Redio ndizo anazozitaka mbili. Wewe ulimtosha mmoja. Kula."