Dawa Isiyochafuka

Kiwandani walimwita Mama Chupa, kwa kuwa miaka kumi na miwili aliishi na chupa: za kupimia, za kuchanganyia, za kuoshea. Kazi yake ilikuwa kuitunza dawa ya mnara, ule mtambo uliosimamishwa kando ya tanuri la saruji ili moshi upite ndani ya dawa na kuacha humo hewa ya ukaa. Dawa ya zamani ilikuwa kero. Ilinuka kama mkojo, ilitafuna mabomba, na kuichemsha ili iachie ilichonasa kulikula mvuke kupita kiasi. Miezi miwili tu, ilikuwa nyeusi tii.

Akajifungia maabara kutafuta nyingine. Alijaribu chumvi hii na ile, akaunguza vidole, akakosa hata harusi ya mpwa wake. Mwaka wa nne akapata mchanganyiko usionuka, uliotaka nusu tu ya mvuke. Meneja alimsifu mbele ya wafanyakazi wote. Mnara ukajazwa dawa mpya, na dada yake mkubwa akawatangazia majirani kwamba mdogo wake ameufunga moshi kamba.

Kila wiki aliletewa kichupa cha dawa kutoka mnarani akipime. Mwezi wa kwanza ilikuwa safi. Wa tatu, safi. Alifurahi. Mwezi wa nane ilipokuja ingali kama maji ya kunywa, furaha ikaingia nyongo. Dawa iliyofanya kazi lazima ichoke. Hii haikuchoka hata chembe.

Akamwendea shemeji yake, mume wa dada, ambaye alikuwa fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia mvuke wa mnara. Shemeji alizungukazunguka, akauliza habari za watoto, mwisho akainamisha kichwa.

"Shemeji, mnara tunauwasha wageni wakija tu. Wakiondoka tunafunga valvu kuokoa mvuke, moshi unapita njia yake ya zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

Mwisho wa mwaka meneja alimletea Mama Chupa ripoti atie saini, kwamba mnara umenasa sehemu tisa kati ya kumi za hewa ya ukaa. Alikataa, akasema anajua valvu imefungwa. Meneja hakupandisha sauti; aliuliza tu nani kamwambia. Hakumtaja mtu. Haikusaidia kitu, maana mafundi wa boila walikuwa wawili, na mmoja ndiye shemeji yake.

Shemeji alifukuzwa Ijumaa. Mama Chupa akahamishiwa ghala la mifuko, na ripoti ikasainiwa na binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

Alipokwenda kwa dada, mlango ulifunguliwa nusu.

"Ungetia saini tu, mdogo wangu. Kukataa kwako kumepunguza moshi gani?"

Mlango ukarudishwa taratibu, na mwaka wa tatu huu hawasalimiani.

Wageni bado wanakuja kupigwa picha chini ya mnara. Siku hizo Mama Chupa huambiwa abaki nyumbani apumzike.