Wiki Kumi na Moja za Injini Iliyonyamazishwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Nozeli amepiga magoti juu ya bampa la gari kuukuu la foo-wili, kichwa ndani ya boneti, miguu nje. Kidole gumba kinabonyeza pampu ndogo ya mkono, taratibu, akitoa hewa kwenye mabomba ya dizeli. Linatoka povu kwanza, kisha mafuta safi. Anakaza nati, anafuta mikono kwa tambara, halafu anausukuma mlango wa gereji hadi ukutani.

"Leo nataka mtaa mzima usikie," anamwambia mwandishi. "Nimechoka kuitwa mama aliyeshindwa."

Injini hiyo si mbovu. Ni nzima, na imekuwa nzima kwa wiki kumi na moja. Katika muda wote huo ni yeye peke yake aliyejua, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa uso mkavu kwamba imekufa. Kwa nini fundi aitukane kazi ya mikono yake mwenyewe? Hapo ndipo penye kisa.

Ana miaka arobaini na tisa. Gereji ilikuwa ya mumewe, naye alifanya kazi humo miaka ishirini na miwili bila mtu kumwita fundi. Alikuwa "mke wa fundi". Mteja akija na gari linalotoa moshi mweusi, mume anazungumza, mke anafungua nozeli, vile vidude vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini, anasafisha, anarudisha. Mteja akiondoka anamshukuru mume.

"Hata mimi nilikuwa namshukuru," anasema, na kicheko kinachomtoka hakina furaha.

Miaka mitatu iliyopita mume akafariki ghafla, gari lake la foo-wili likiwa wazi. Injini ilikuwa imefunguliwa yote, vyuma vimepangwa ndani ya makreti manne. Marehemu hakuwa mtu wa daftari. Kila kipimo alikiandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa gereji: silinda hii imetanuliwa kiasi gani, krenki ile imechongwa mara ngapi. Mlango ule ndio uliokuwa daftari lake.

Siku ya pili ya msiba, wakwe walikuwa njiani na watu wangelala hadi ndani ya gereji. Mama Nozeli akaona aibu. Akachukua ndoo, sabuni na brashi, akausugua mlango ule mpaka ukang'aa.

"Nilisugua nikilia. Nikawa najiambia, waje wakute pasafi, wasiseme kaka yao aliishi kwenye uchafu," anaeleza. "Nimefuta kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuniachia wosia, aliniachia namba, nami nikazimwagia maji."

Baada ya arobaini, ndugu wakakaa kikao. Shemeji yake, mdogo wa marehemu anayeishi nyumba ya nne kutoka hapo, akabeba kasha la zana. Alisema hizo ni zana za kiume. Ndani yake kulikuwa na maikromita, kile kifaa kidogo cha kupimia unene wa chuma. Wiki haikuisha ikawa imeuzwa.

Likabaki gari. Shemeji akalizunguka, akalipiga teke tairi, akasema: "Hili gofu muachieni shemeji, litamfaa kufugia kuku." Kikao kizima kikacheka. Kadi ya gari ikabaki na jina la marehemu, maana nani ahangaike na kadi ya banda la kuku?

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mama Nozeli hakununua kuku hata mmoja. Alianza kutafuta vipuri.

Vya injini ile havipatikani tena madukani. Vilivyopo ni vya kuiga, na vya kuiga, anasema, "vinakupa salamu tu, halafu vinaaga." Akampata muuzaji ng'ambo kwa njia ya simu. Walikuwa wakiandikiana kwa lugha iliyotafsiriwa na mashine, na muuzaji alianza kila ujumbe kwa "Bwana mpendwa". Hakumsahihisha. "Ningemwambia mimi ni mama, angeniuliza fundi yuko wapi," anasema.

Muuzaji akauliza swali moja la maana: beringi za krenki anazitaka za saizi gani? Krenki ndiyo mhimili mzito unaozungushwa na pistoni. Ikichongwa hupungua, na ikipungua hutaka beringi nene zaidi. Jibu lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa chaki. Mlango ulikuwa unang'aa. Maikromita ilikuwa imeshauzwa.

Akajibu kwa kukisia. Akaagiza saizi ya kiwandani.

Mzigo ulichukua miezi minne melini. Alipofungua boksi na kuzipachika beringi, mkono wa pistoni ukacheza kama jino bovu. Pesa za maboksi yale zilikuwa faida ya miezi saba ya kusafisha nozeli za watu.

"Nilikaa chini pale," anaonyesha sakafu yenye madoa ya oili. "Sikumlaumu muuzaji. Nililaumu sabuni. Halafu nikamkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Nikamwambia, baba, ulishindwa nini kunieleza kwa mdomo? Miaka ishirini na miwili tunakula sahani moja!"

Akapiga moyo konde. Mwalimu wa chuo cha ufundi akamwazima maikromita kwa siku moja. Akapima krenki mara tatu: ilikuwa imepungua nusu milimita. Akauza kitanda kikubwa, akaagiza upya, akasubiri miezi mitano mingine. Akafunga injini peke yake, boliti kwa boliti.

Jumanne moja mchana, wiki kumi na moja zilizopita, ikawaka. Akaiacha ingurume dakika kumi na mbili mlango ukiwa umefungwa, mvua kubwa ikipiga mabati hata jirani asisikie, kisha akaizima.

Akaizima kwa sababu shemeji alikuwa ameanza kupita. Alipoona makreti yamekuwa matupu, lugha ilibadilika. "Shemeji, gari la marehemu kaka linaendeleaje?" Akapita kesho yake. Akapita na keshokutwa.

"Umesikia neno hilo?" anauliza Mama Nozeli. "Lilipokuwa la kuku lilikuwa langu. Lilipopata pistoni likawa la kaka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Kubadili kadi kulihitaji saini ya ndugu wa marehemu, na ndugu ni huyo huyo. Basi akafungua mabomba ya dizeli, akayaficha chini ya kitanda kidogo anacholalia sasa, akalifunika gari kwa turubai. Shemeji alipokuja akamwambia: "Nimeshindwa, shemeji. Injini imekufa. Nisaidie saini niwauzie wa vyuma chakavu." Shemeji akacheka, akasema alijua tangu mwanzo, akatia saini.

Uongo huo ulimgharimu. Habari zilienea kwamba mke wa fundi amechemsha. Wateja waliokuwa wakileta magari manne kwa wiki wakawa wanaleta moja. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimshauri afungue genge la mbogamboga.

"Kuitwa mjinga na mjinga, huo ni mchezo," anasema. "Lakini kunyamaza huku unajua umeweza! Kuna siku niliingia chini ya turubai nikaishika ile injini, nikaiomba radhi."

Ijumaa iliyopita kadi ikatoka. Ina jina lake.

Sasa anapanda, anazungusha ufunguo nusu, anahesabu hadi ishirini plagi zipate moto. Anauzungusha wote. Injini inakohoa mara mbili, inatema moshi wa kijivu, kisha inashika. Mlio mzito, wa sawasawa. Kinyozi anatoka na mashine mkononi, mteja wake nyuma, kichwa kimenyolewa nusu.

Haipiti hata dakika tano. Shemeji anafika, kandambili mguuni, pumzi juu.

"Shemeji! Si uliniambia limekufa?"

"Nawe si uliniambia ni banda la kuku, shemeji?"

"Hii ni mali ya kaka yangu!"

Anamwonyesha kadi kupitia dirishani, bila kuitoa mkononi. Shemeji anaisoma, anamtazama kinyozi, anamtazama mwandishi, anaondoka bila kuaga.

Mama Nozeli hashangilii. "Nilipaswa kupewa hivi hivi," anasema. "Nimeipata kama mwizi."

Mpango wake ni kubeba zana nyuma ya gari na kuwafuata wenye malori na matrekta huko yanakokwama, kwenye barabara mbaya ambako hakuna gereji. Tayari wawili wameshampigia.

Kabla ya kuondoka anarudi kwenye mlango ule aliousugua. Ana msumari na nyundo, na anachimba kwenye mbao, tarakimu baada ya tarakimu: krenki, nusu milimita.

"Chaki nimeachana nayo," anasema, akipuliza unga wa mbao. "Siku yangu ikifika, atakayekuja kuusafisha mlango huu, asugue mpaka achoke."